Je, Tununue Taa Kubwa ya Flashi?

Na Mlezi wa Chama cha Picha

Mwezi wa Januari mwaka huu, siku chache baada ya shule kufunguliwa, mama mmoja alifika ofisini kwangu akiwa na bahasha mkononi. Alikuwa ametoka ng'ambo ya Bugarama kwa bodaboda, na matope yalikuwa bado kwenye pindo la kitenge chake. Tulipokwisha kusalimiana akatoa picha ya mahafali ya binti yake, ambaye ndiye wa kwanza katika nyumba ile kumaliza Kidato cha Nne, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "nionyeshe uso wa mwanangu uko wapi."

Niliitazama. Ukuta wa ukumbi ulikuwa ukimeta kama chokaa mpya. Kola ya shati ilionekana vizuri, na meno yalionekana. Macho yalikuwa mashimo mawili meusi, na paji la uso na mashavu yalikuwa doa moja la giza lisilo na umbo. Wala siwezi kumlaumu mpiga picha wa mjini, kwa maana picha ile niliipiga mimi mwenyewe kwa kamera ya Chama chetu, mwanzoni mwa Oktoba mwaka jana, yapata saa saba mchana. Mama yule alikuwa ameilipia. Nilimrudishia fedha zake, akazipokea, lakini hakuwa amekuja kwa ajili ya fedha. Binti alikuwa amekwisha kwenda Mwanza kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, na picha ile ndiyo mama aliyobaki nayo.

Nilipowaeleza wanachama habari hiyo, walikuwa na jibu tayari. Tununue taa kubwa ya flashi, ile ya kibingwa yenye betri yake, inayobebeka hadi popote na kusimamishwa juu ya stendi, kama wanazotumia wapiga picha wa harusi. Katibu wa Chama alikwisha andika bei, na Mwenyekiti alikwisha andika barua ya kuomba wazazi wachangie. Mkuu wa Shule aliisoma barua, akaniambia niieleze hoja kwa maandishi kabla fedha ya mtu yeyote haijaombwa. Ndiyo maana naandika hapa, ili na wazazi wasome.

Kwanza tujue kifaa chenyewe. Ndani ya taa ya flashi mna kapasita, yaani chombo kinachokusanya chaji ya umeme polepole kutoka kwenye betri na kuiachia yote kwa mara moja. Chaji hiyo hupita katika mrija wa kioo uliojazwa gesi ya zenoni, na gesi hung'aa. Aliyeitengeneza taa ya namna hii na kuifanya ifae kwa picha ni Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, katika mwaka 1931. Mwaka mmoja kabla yake, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar. Basi wasomaji wakumbuke ya kuwa biashara ya picha za watu ilikuwapo katika nchi zetu kabla flashi ya umeme haijatokea.

Nguvu ya taa hizi hupimwa kwa wati-sekunde, na wati-sekunde moja ni jouli moja. Taa waliyoitaka wanachama ni ya 600. Je, jouli 600 ni nyingi? Chukua taa ya nyumbani ya wati 10, iwashe kwa dakika moja, kisha izime: umetumia jouli 600. Hizo tu! Lakini taa ya nyumbani huzitumia katika sekunde 60, na flashi huzimaliza katika muda wa karibu sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Ukigawanya, waona ya kuwa kwa kitambo hicho kidogo ni wati 120,000, sawa na taa elfu kumi na mbili za namna ile zikiwaka pamoja. Hii ndiyo siri ya flashi. Haina umeme mwingi, ina haraka.

Wanafunzi wa fizikia watapenda na hesabu ya betri. Taa iitwayo Godox AD600Pro, iliyotengenezwa Shenzhen nchini China, ina betri ya volti 28.8 na ampea-saa 2.6. Zidisha, upate wati-saa 74.88, zidisha tena kwa sekunde 3,600, upate jouli 269,568. Kwa mapigo ya jouli 600 ingetosha mapigo 449. Mwenye kiwanda anaahidi 360. Hakosei wala hadanganyi: sehemu moja katika tano hupotea njiani kama joto, na yeyote aliyeshika taa hiyo baada ya kazi ataliona joto hilo kwa kiganja chake. (Asiifungue. Kapasita hukaa na chaji hata baada ya betri kutolewa, nayo yaweza kuua.)

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Wengi wanadhani taa kubwa ni kwa ajili ya gizani. Nilipowauliza wanachama tutaitumia wapi, walijibu: ukumbini usiku wa burudani, bwenini, na siku moja, Mungu akijalia, ndani ya mgodi wetu wa Bulyanhulu ambao ni wa chini ya ardhi. Yote hayo ni mahali penye giza, na gizani taa kubwa haihitajiki sana. Gizani flashi haina mshindani. Waweza kuiacha kamera wazi juu ya stendi kwa sekunde kumi, ukatembea na taa ndogo ukaipiga mara nne kutoka pembe mbalimbali, na kamera ikajumlisha mapigo yote manne kama fundi rangi anayerudia koti la pili na la tatu. Mfaransa Nadar alipiga picha katika mapango ya mifupa chini ya mji wa Paris mwaka 1861, kwa taa ya umeme wa betri za wakati ule, na picha nyingine zilimchukua hadi dakika 18. Kwa kuwa hakuna mtu awezaye kusimama kimya dakika 18, aliweka sanamu zilizovikwa nguo za wafanyakazi. Giza humvumilia mwenye subira.

Jua ndilo lisilovumilia. Taa kubwa iliundwa ili ishindane na jua.

Hapa kwetu jua hilo si la mchezo. Bulyanhulu iko karibu digrii 3 na robo kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi wetu kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwanzoni mwa Oktoba! Ndiyo majira ya mahafali. Na kwa kuwa saa zetu hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, nasi tuko karibu na 32 na nusu, jua halifiki utosini saa sita kamili, bali yapata saa saba kasoro dakika ishirini. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mahafali yetu anajua ni nani hufika saa hiyo. Mgeni rasmi amealikwa saa nne asubuhi. Kwa saa saba kasoro robo gari lake laingia getini, kwaya yaanza kuimba, na baada ya hotuba fupi watu wanasimamishwa mbele ya ukuta kwa picha. Basi kwa kalenda na kwa desturi tumechagua dakika mbaya kuliko zote katika mwaka mzima. Mwanga unatoka juu moja kwa moja, paji la uso linayatilia macho kivuli, na pua inautilia mdomo kivuli.

Tena kuna ukuta mweupe. Kamera haijui uso ni nini. Inajua wingi wa mwanga tu. Ikiachwa ijipimie yenyewe, hutaka kila picha, ikijumlishwa nyeupe na nyeusi, iwe na mwanga wa wastani. Ikiona ukuta mweupe umejaa nyuma, hufikiri mwanga umezidi, hupunguza, na atakayeumia ni mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta. Kosa hilo halitibiwi kwa fedha. Tungemsogeza binti yule mbele ya mlango wa mbao wenye rangi ya udongo, au tungeiongezea kamera mwanga kwa mkono, nusu ya msiba isingetokea. Nalisema hili mapema kwa sababu ni kosa langu, na taa ya milioni mbili isingalinifunza.

Nusu ya pili ya msiba, yaani vivuli vya utosini, ndiyo inayoomba taa. Je, taa ya ukubwa gani? Hapa tuliamua kupima badala ya kubishana. Tulikodi taa ya wati-sekunde 600 kwa siku moja kutoka kwa mpiga picha wa Kahama kwa shilingi 40,000, tukaazima flashi ndogo ya kawaida ya kushika mkononi, ya takribani wati-sekunde 65, inayotumia betri ndogo nne kama za redio. Tukachukua na tepu ya fundi seremala.

Mchana tulipima jua kwanza. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: jua likiwa kali na mbingu safi, weka tundu la lenzi katika f/16, na kasi ya shata iwe sawa na namba ya ISO. Kwa ISO 100 ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Tukaharakisha shata mara mbili, hadi 1/200, tukafungua tundu hatua moja hadi f/11, mwanga ukabaki ule ule. (Namba hizi huwachanganya wengi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi.) Kwa nini 1/200? Kwa sababu shata ya kamera yetu ina mapazia mawili yanayofuatana, na ukiiharakisha kupita hapo, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, flashi ikamulika nusu ya picha tu. Kwa hiyo swali letu lilikuwa jepesi: kila taa, ikipiga kwa nguvu zote kupitia mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, yaweza kumwangaza mtu kwa kipimo hicho cha jua, f/11, kutoka umbali gani?

Jioni tulifunga madirisha ya ukumbi, tukamketisha mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu juu ya kigoda, tukaanza na flashi ndogo. Mita 1 na sentimita 80. Hapo tu. Ukirudi nyuma zaidi, uso unafifia.

Kisha tukaweka taa kubwa. Kabla ya kupima niliwaomba wanachama wakisie. Taa hii ina nishati mara tisa ya ile. Basi karibu wote waliandika mita 16, kwa kuwa mara tisa ya mita 1.8 ni 16.2. Tepu ikatoa karibu mita 5 na nusu. Kijana wa Kidato cha Pili alisikitika sana. Akasema, "Mwalimu, labda betri haijajaa."

Betri ilikuwa imejaa. Ni mwanga unaotawanyika. Fikiria umesimama na taa mita moja kutoka ukutani, na mwanga wake umefunika mraba wa mita moja kwa moja. Rudi hadi mita mbili: mraba sasa ni mbili kwa mbili, yaani eneo mara nne, na mwanga ule ule umegawanywa kwa eneo hilo, hivyo kila sehemu imepata robo. Rudi hadi mita tatu, utapata sehemu moja ya tisa. Hii ni kanuni ya kinyume cha mraba, iliyo katika kitabu cha fizikia, nayo ndiyo inayokula fedha za wapiga picha wengi wasiojua. Ukilipa nishati mara tisa, unanunua umbali mara tatu. Na kinyume chake ni kweli vilevile: anayeisogeza taa yake ndogo hadi nusu ya umbali amepata mwanga mara nne bila kulipa senti.

Jumapili mchana tulifanya jaribio la mwisho, ambalo mimi naliona kuwa lenye maana kuliko yote. Tulitoka na flashi ndogo hadi barazani mwa maktaba, mahali penye kivuli lakini panapotazama uwanja wenye jua. Katika kivuli cha namna hiyo mwanga hupungua karibu hatua tatu, kila hatua ikiwa nusu ya iliyotangulia. Basi ni sehemu moja ya nane ya jua. Kamera ilitaka f/4 badala ya f/11. Na flashi ndogo, ikishindana na kivuli badala ya kushindana na jua, kwa f/4 inafika mita 5.

Wasomaji walinganishe wenyewe. Taa kubwa juani, mita 5 na nusu. Taa ndogo barazani, mita 5. Tofauti ya nusu mita, na upande mmoja kuna baraza ambalo Serikali ilikwisha kutujengea.

Sasa bei. Nikikadiria dola moja kwa shilingi 2,500: taa ile ya AD600Pro ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 900, yaani shilingi 2,250,000, bila nauli, kodi, stendi wala mwavuli. Kampuni ya Profoto ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1968 na ambayo mabingwa wengi huisifu, ilipotoa taa yake ya B10 mwaka 2018, yenye wati-sekunde 250 tu, bei ilikuwa karibu dola 1,600, yaani shilingi milioni nne. Flashi ndogo ya mkono ya Godox, iitwayo TT600, iliuzwa kwa dola kama 65. Hiyo ni shilingi 162,500. Katikati yake kulikuwa na AD200, ya wati-sekunde 200, iliyouzwa kwa takribani dola 300, yaani shilingi 750,000.

Tuseme Chama kinabakiwa na shilingi 500 kwa kila picha baada ya karatasi na wino. Ili kurudisha shilingi 2,250,000 yatupasa kuuza picha 4,500. Tukiwa na wahitimu 120 kila mwaka, na kila mmoja akanunua picha mbili, ni picha 240. Gawanya: karibu miaka 19. Kijana atakayezaliwa mwaka tununuapo atakuwa amemaliza Kidato cha Sita nasi hatujamaliza kulipa. Na betri ya lithiamu haingoji miaka 19. Huzeeka hata ikiwa kabatini, hasa ikihifadhiwa mahali pa joto. Kwa bei ile ile, tukiikodi taa siku moja kila mwaka kwa mahafali, fedha zingetosha miaka 56.

Lakini nisiwe mtu wa upande mmoja. Sikusema taa kubwa haina thamani. Nilipoirudisha Kahama nilizungumza na mwenyewe, naye alinipa sababu ambazo hesabu yangu haikuzigusa. Yeye hupiga harusi karibu kila Jumamosi. Bibi harusi hawezi kuambiwa asubiri jua lishuke, wala msafara hauwezi kuhamishiwa barazani. Akipiga pigo moja kwa nguvu zote, taa yake inakuwa tayari tena kwa muda usiofika sekunde moja, na flashi ndogo humngojesha sekunde mbili au tatu, na katika sekunde hizo shangazi amekwisha kumkumbatia bibi harusi na kumwachia. Tukio hilo halirudiwi. Akipata kwa sababu ya taa hiyo shilingi 30,000 zaidi kila harusi, harusi 75 zimeilipa, na kwake hizo ni kazi ya mwaka mmoja na nusu hivi. Vivyo hivyo kwa anayepiga picha za ngoma za Kisukuma uwanjani mchana, wachezaji wakiruka na vumbi likitimka: huyo hawezi kukimbia jua wala kusogea karibu. Mtu kama huyo akiniuliza, nitamwambia anunue, na asinunue ndogo akajuta.

Basi swali la kununua au kutonunua halianzii dukani. Lianzie kwa kuuliza ni mara ngapi kwa mwezi unabanwa mahali penye jua usiloweza kuliepuka, na umbali usioweza kuupunguza. Mwenye harusi kila Jumamosi ana jibu moja. Chama chetu kina siku moja kwa mwaka, na hata siku hiyo tunaweza kuibadili.

Picha ya pamoja ya wahitimu wote ilinisumbua zaidi, kwa maana watu 120 hawaenei barazani. Wala taa kubwa isingetusaidia kwa urahisi: ili mwanga uenee safu nzima sawasawa yakubidi urudi nyuma mita nane au zaidi, na kwa mwavuli taa ile ilikwisha kuishiwa kwenye tano na nusu. Ungeondoa mwavuli, ukapata umbali, lakini mwanga ukawa mkali na walio pembeni wakafifia. Dawa yake ni saa. Upande wa magharibi wa jengo la madarasa mna kivuli kipana hadi saa tatu asubuhi, na kinawatosha wote. Mgeni rasmi atakapofika tutampiga na viranja na walimu barazani, watu kumi na tano. Mkuu wa Shule amekubali kuiandika picha ya saa mbili na nusu katika ratiba ya mahafali ya mwaka huu. Mwenyekiti wa Chama ana mashaka kama wahitimu watakuwa wamemaliza kunyoosha sare saa hiyo, nami sina jibu.

Pendekezo langu kwa Bodi ni hili. Wazazi wasichangishwe. Chama kinunue kwa akiba yake flashi ndogo moja, stendi moja, mwavuli mweupe mmoja, na kifaa cha kuiwasha flashi bila waya, vyote vikiwa ndani ya shilingi 350,000. Shuka jeupe la kurudisha mwanga tunalo. Mahafali yakiwa na jambo kubwa, tukodi taa Kahama. Baada ya miaka miwili, kama wanachama watakuwa wanaitwa kupiga harusi na sherehe za watu kila juma, wataleta hesabu zao, nami nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Mwenyekiti hakubaliani nami. Yeye asema chama kisichokuwa na chombo kizuri hakiitwi mahali, na chama kisichoitwa hakitapata hesabu za kuleta. Ni hoja ya haki, na nimemwomba aiandike katika toleo lijalo.

Wakati wa likizo ya Pasaka binti yule alirudi nyumbani kwa siku nne. Nilipeleka habari, wakaja yeye na mama yake siku ya Jumamosi, saa saba kasoro mchana, jua likichoma. Alivaa sare yake ya zamani, ambayo mama alikuwa ameitunza. Tulimketisha barazani mwa maktaba, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama uwanjani. Nyuma yake ulikuwa mlango wa mbao. Wanafunzi wawili walishika shuka jeupe chini ya magoti yake, na flashi ndogo ilisimama mita moja na nusu upande wa kushoto ndani ya mwavuli wake, ikipiga kwa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Tulipiga picha kumi na moja. Tulichapisha mbili palepale.

Mama aliichukua ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha akaweka kidole juu ya nyusi ya kushoto.

"Kumbe lile kovu la ndama bado lipo," akamwambia binti. "Nilidhani lilikwisha kufutika."